Jiwe Ulilolishika Ni Madini Gani? Mwongozo wa Kulitambua kwa Muundo Wake

Mtu akiokota jiwe linalong'aa, jambo la kwanza analolitaja ni rangi. "Nimepata la kijani." "Hili la bluu ni nini?" Ningeomba rangi iwekwe pembeni kwanza, kwa sababu katika sifa zote za madini hiyo ndiyo inayodanganya kuliko nyingine. Kwatsi peke yake hupatikana ikiwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya manjano, ya rangi ya moshi na isiyo na rangi kabisa. Yakuti nyekundu na yakuti ya bluu ni madini yaleyale, alumini na oksijeni tu. Nyekundu imeingiwa na kromi kidogo, bluu imeingiwa na chuma na titani. Na tanzanaiti nyingi zikitoka ardhini pale Mererani, kaskazini mwa Tanzania, ni za kahawia. Bluu ile inayojulikana duniani huja baada ya jiwe kuchomwa kwenye tanuru.

Njia ya uhakika zaidi ni kuuliza jiwe limejengwaje. Atomi zake zimepangwa vipi? Mpangilio huo ndio unaoamua litapasuka upande gani, litakuwa gumu kiasi gani, litakuwa na uzito gani kwa ukubwa wake, na mwanga utapita ndani yake kwa namna gani. Hayo yote unaweza kuyapima kwa vifaa vya bei nafuu. Nimewaandikia wachimbaji wadogo, mabroka wanaoanza, na walimu wanaotaka wanafunzi washike mawe badala ya kukariri majina. Mifano mingi nimeichukua Tanzania na Kenya, kwa kuwa tunaishi juu ya Ukanda wa Msumbiji, miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na humo ndimo zilimozaliwa tanzanaiti, tsavoraiti (kito cha kijani), spineli za Mahenge na yakuti za Longido na Umba.

Elewa muundo kabla hujagusa mizani

Madini ni kitu kigumu cha asili chenye kemia inayojulikana, na atomi zake zimepangwa kwa utaratibu mmoja unaojirudia pande zote. Utaratibu huo ukipata nafasi ya kukua bila kubanwa, hujitokeza nje kama fuwele yenye nyuso bapa. Kioo cha chupa hakina utaratibu huo: atomi zake zimegandishwa ovyo. Kumbuka jambo hili, maana vipimo kadhaa huko mbele vinategemea tofauti hiyo moja.

Mwamba ni kitu kingine. Ni mkusanyiko wa madini mbalimbali. Kipande cha graniti ukikitazama kwa lenzi utaona punje za kijivu zinazofanana na kioo, ambazo ni kwatsi. Punje nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa, ambazo ni feldispa. Na vipande vyeusi vinavyometameta, ambavyo ni ulanga. Kwa hiyo ukisema "nataka kulitambua jiwe hili", kwanza amua unaizungumzia punje ipi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa nguvu ya muundo ni kaboni. Ndani ya madini ya kinywe (grafiti, ile iliyomo kwenye penseli), atomi za kaboni zimelala katika tabaka nyembamba. Ndani ya tabaka moja zimeshikana kwa nguvu sana, lakini kati ya tabaka na tabaka mshiko ni hafifu. Ukisugua kinywe kwa kidole, tabaka zinateleza na kukuachia weusi unaong'aa. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mererani, wanalijua hilo mwilini: wakitoka shimoni wamekuwa weusi kwa kinywe kilichojaa kwenye mwamba unaobeba tanzanaiti. Ndani ya almasi ni kaboni ileile, ila kila atomi imeshikwa na wenzake wanne, pande zote, kwa nguvu sawa. Kinywe unaweza kukikwaruza kwa ukucha. Almasi haikwaruzwi na madini mengine yoyote ya kawaida. Hata uzito umebadilika: densiti (uzito kwa ukubwa, ukilinganishwa na maji) ya kinywe ni kama 2.2 na ya almasi ni 3.52, kwa sababu atomi za almasi zimesongamana zaidi.

Madini mengi utakayokutana nayo, hata hivyo, yamejengwa kwa silikoni na oksijeni. Tofali lake ni piramidi ndogo: atomi moja ya silikoni katikati, atomi nne za oksijeni kwenye pembe. Maumbile ya madini yanategemea piramidi hizo zimeungana vipi. Zikikaa kila moja peke yake, zikiunganishwa na metali kama kalsiamu na alumini, unapata ganeti, ambayo tsavoraiti ni mojawapo. Haina upande dhaifu wa kupasukia. Zikijifunga duara la piramidi sita, unapata zumaridi na tomalini, na ndiyo maana fuwele ya zumaridi ina pande sita. Zikitandazwa kuwa shuka, unapata ulanga, unaobanduka kwa ukucha tabaka baada ya tabaka hadi ukapata kipande unachoweza kuona upande wa pili. Zikishikana kila upande, pembe kwa pembe, unapata kwatsi, ngumu na isiyo na njia ya kupasukia. Feldispa nayo imeshikana pande zote, lakini ndani yake mna sodiamu, potasiamu au kalsiamu, na kuna pande mbili ambako mishiko ni michache, hivyo hupasuka bapa pande hizo mbili.

Ukishayaelewa hayo, orodha ndefu za sifa za madini zinapungua kuwa mambo machache ya kukumbuka.

Vifaa

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo, kisu cha chuma, kipande cha waya wa shaba, kipande cha kioo cha dirisha, kipande safi cha kwatsi, kigae cha sakafuni (utatumia mgongo wake usiong'arishwa), sumaku kutoka spika iliyokufa, na chupa ya siki. Cha muhimu kuliko vyote ni mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, pamoja na uzi mwembamba na kikombe cha plastiki. Kama unaweza kupata miwani ya jua ya polaroidi na kompyuta mpakato, una kipimo kingine kizuri sana cha mwanga. Na daftari. Usiamini kumbukumbu yako.

Neno kuhusu afya kabla ya nyundo. Vumbi la mwamba wenye kwatsi likiingia mapafuni mara kwa mara huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Lowesha mwamba kabla ya kuupasua, vaa miwani, na usiwapasulie watu mawe makavu ndani ya nyumba. Usilambe jiwe usilolijua. Jiwe la rangi ya fedha likigongwa likatoa harufu ya kitunguu saumu lina aseniki; liweke chini, nawa mikono, na kamwe usilichome. Mawe yenye nyuzinyuzi laini zinazochomoka yaache kabisa, huenda ni asbesto.

Hatua ya 1: Osha, kisha angalia mng'ao

Osha kwa maji na brashi laini, ukaushe, utafute uso mpya uliovunjika karibuni. Uso wa zamani umeliwa na hewa na mvua, na pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu) iliyozeeka huwa na kutu inayoifanya ionekane kama udongo.

Jiulize swali moja kubwa: linang'aa kama metali au la? Pairaiti, galena (madini ya risasi), dhahabu na magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku) zinang'aa kimetali, mwanga haupiti hata kwenye ukingo mwembamba. Kwatsi, yakuti na ganeti zina mng'ao wa kioo. Almasi ina mng'ao mkali zaidi, karibu na wa metali, hata ikiwa haijakatwa, ingawa almasi nyingi ghafi huonekana kana kwamba zimepakwa mafuta. Ukishagawanya makundi haya mawili umekwisha ondoa nusu ya majina.

Hatua ya 2: Soma umbo la fuwele

Mwaka 1669 Niels Steensen, mwanasayansi wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Florence, alionyesha kwamba pembe kati ya nyuso za fuwele za kwatsi hazibadiliki, fuwele ikiwa kubwa au ndogo, imekua vizuri au imebanwa upande. Sababu yake ilithibitishwa mwaka 1912, pale Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei ndani ya fuwele wakapata madoa yaliyojipanga kwa utaratibu. Ndipo ushahidi wa atomi zilizopangwa ukaonekana.

Kwako wewe mwenye jiwe mkononi, maana yake ni kwamba pembe ni ushahidi. Kata karatasi ngumu kwa pembe ya nyuzi 120, uipachike kwenye kona kati ya nyuso mbili za ubavu wa fuwele unayodhani ni kwatsi. Ikikaa sawasawa kona zote sita, umo njiani.

Halafu tazama mistari midogo kwenye nyuso kwa lenzi. Hii ni hatua ambayo watu wengi huiruka na ina faida kubwa. Kwatsi ina mistari inayokata ubavu kwa upana. Tomalini ina mistari inayokwenda kwa urefu, tena ukiitazama kwa mwisho wake utaona pembetatu iliyovimba pande zote. Zumaridi ina pande sita na mara nyingi kichwa bapa. Pairaiti hutokea kama mchemraba, na mistari ya uso mmoja husimama kwa pembe mraba na mistari ya uso wa jirani. Ganeti ikikua huru huwa na nyuso 12 au 24 na inaelekea kuwa mviringo. Spineli hutokea kama piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako.

Jiwe lako likiwa halina nyuso, usikate tamaa. Tsavoraiti nyingi za Taita hutoka kama viini vya mviringo visivyo na fuwele nzuri, na bado ni tsavoraiti. Nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tazama lilivyovunjika

Kuna kupasuka na kuna kuvunjika, na tofauti yake ni muhimu. Jiwe linalopasuka hufuata tabaka dhaifu la muundo na kuacha uso bapa unaorudisha mwanga kwa pamoja ukiligeuza chini ya tochi. Jiwe linalovunjika huacha uso wa mikunjo au makovu yasiyo na mpango. Kwatsi huvunjika kwa mawimbi ya duara, vilevile chupa inavyovunjika. Ndiyo sababu kipande cha chupa kilichosuguliwa na mto kinaweza kufanana na kwatsi, na hapo vipimo vya mwanga ndivyo vitakavyovitenganisha.

Hesabu pande za kupasukia. Ulanga una upande mmoja. Feldispa ina mbili, zinakutana karibu na pembe mraba. Galena ina tatu zinazokutana kwa pembe mraba, hivyo hata kipande kidogo sana huwa kijisanduku. Kalsaiti, madini yanayojenga mawe ya chokaa, ina tatu pia, lakini zimelala: ukiivunja unapata visanduku vilivyoegemea upande, na ukivunja vile unapata vidogo vya umbo lilelile. Kipande cha kalsaiti angavu ukikiweka juu ya maandishi utaona kila herufi mara mbili.

Huhitaji kuvunja chochote ili uone haya. Nyuso zilizopo zinatosha, na kwa vito ni lazima zitoshe. Kuna imani mbaya inayozunguka machimboni kwamba almasi ya kweli haivunjiki kwa nyundo. Inavunjika. Almasi ina pande nne za kupasukia, na pigo moja likielekezwa vibaya linaipasua. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Si kukataa kupasuka. Tanzanaiti nayo ina upande mmoja inaopasukia kirahisi sana, kwa hiyo ukiona broka anaigonga mezani ili "kuisikiliza", mwombe akurudishie jiwe lako.

Hatua ya 4: Pima densiti

Kama ungenipa kipimo kimoja tu cha kubaki nacho, ningechagua hiki. Hakilidhuru jiwe, hakitegemei macho wala uzoefu, na kinakupa namba.

Pima jiwe likiwa kavu, uandike gramu zake. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote majini huku ukishikilia uzi, bila jiwe kugusa kitako wala ubavu wa kikombe. Mizani itasoma namba mpya. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Jibu ndilo densiti.

Tuseme jiwe la bluu lina gramu 16.80 likiwa kavu, na lilipozamishwa mizani ikasoma 5.01. 16.80 ukigawanya kwa 5.01 unapata 3.35. Hiyo ni densiti ya tanzanaiti. Kwatsi ingekupa 2.65, kioo cha kawaida karibu 2.5, yakuti 4.00.

Mambo mawili yanaharibu kipimo hiki. La kwanza ni viputo vya hewa vinavyong'ang'ania jiwe. Tone la sabuni ya maji ndani ya kikombe na kulitikisa jiwe kidogo huviondoa. La pili ni mizani isiyo na usahihi wa kutosha. Chukua tanzanaiti ya gramu 2. Maji inayosukuma ni kama gramu 0.6 tu. Mizani inayosoma hadi 0.1 ikikosea hatua moja, itasoma 0.5 au 0.7, na utapata densiti ya 4.0 au 2.9: yaani jiwe lilelile litakuwa yakuti asubuhi na kitu kingine jioni. Kwa mawe madogo, mizani ya 0.01 si anasa, na hata hiyo haitoshi kwa jiwe lililo chini ya gramu moja. Pia jiwe liwe safi: likiwa bado limeshikana na mwamba, unapima mwamba.

Andika namba hizi ndani ya jalada la daftari: feldispa 2.6, kwatsi 2.65, kalsaiti 2.71, zumaridi 2.72, tomalini 3.06, tanzanaiti 3.35, almasi 3.52, spineli 3.60, tsavoraiti 3.61, yakuti 4.00, pairaiti 5.0, magnetaiti 5.2, galena 7.5, dhahabu safi 19.3. Namba hutofautiana kidogo kulingana na kemia ya jiwe lenyewe, kwa hiyo 3.58 kwa tsavoraiti isikushtue.

Utaona spineli na tsavoraiti zinakaribiana. Hakuna kipimo kinachojitosheleza, na ndiyo maana tunaendelea.

Hatua ya 5: Pitisha mwanga

Kwa jiwe linalopitisha mwanga, fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta mpakato, vaa miwani ya polaroidi, kisha ivue uizungushe mbele ya skrini mpaka skrini ionekane nyeusi. Ishike palepale. Sasa weka jiwe kati ya skrini na miwani, ulizungushe polepole.

Jiwe likibaki jeusi muda wote, mwanga unapita ndani yake kwa njia moja tu: ni kioo, au ni madini ambayo atomi zake zimepangwa sawa kwa pande zote tatu, kama ganeti, spineli na almasi. Likiwaka na kuzimika mara nne kwa mzunguko mmoja, linaugawa mwanga mara mbili: ni kwatsi, tanzanaiti, yakuti, tomalini, zumaridi au mwenzao. Rudia ukilitazama kutoka pande tatu tofauti, kwa sababu hata jiwe linalougawa mwanga lina uelekeo ambamo haliugawi. Ganeti nyingine huonyesha mawimbi ya mwanga yasiyo na mpango kwa sababu ya mkazo uliomo ndani. Hayo usiyahesabu kuwa kuwaka na kuzimika.

Mpangilio wa atomi ukitofautiana pande zote, hata rangi inabadilika kwa pande. Tanzanaiti ndiyo mwalimu bora hapa: ghafi isiyochomwa huonyesha bluu ukiitazama upande mmoja, zambarau upande wa pili, na kahawia au nyekundu iliyofifia upande wa tatu. Ikichomwa kwenye nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, rangi ya tatu hufifia, zinabaki bluu na zambarau. Kipande cha kioo cha bluu kina rangi ileile ukikigeuza utakavyo. Tumia mwanga wa mchana wa kivulini. Taa za dukani zina rangi zake.

Hatua ya 6: Unga

Hatua hii ni ya mawe yenye mng'ao wa kimetali au ya rangi nzito. Kwa vito, ikwepe. Sugua jiwe kwenye mgongo wa kigae na utazame rangi ya unga unaobaki. Unga haubabaishwi na kutu wala ukubwa wa punje. Hemataiti inaweza kuwa nyeusi inayong'aa au nyekundu ya udongo, lakini unga wake daima ni mwekundu wa kahawia. Magnetaiti hutoa unga mweusi. Galena, kijivu kizito. Pairaiti, ijapokuwa ni ya manjano, unga wake ni mweusi wenye ukijani. Dhahabu hutoa unga wa dhahabu. Jiwe gumu kuliko kigae, kuanzia ugumu wa 7 hivi, litakikwaruza kigae chenyewe na utaona mstari mweupe usio na maana.

Hatua ya 7: Ugumu, ukilazimika

Friedrich Mohs aliipanga ngazi hii mwaka 1812: talki 1, jasi 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatsi 7, topazi 8, korundumu (ambayo ndiyo yakuti) 9, almasi 10. Namba hizi ni za foleni tu. Umbali kati ya 9 na 10 ni mkubwa kuliko umbali kati ya 1 na 9.

Ukucha ni 2.5, waya wa shaba 3, ncha ya kisu na kioo cha dirisha karibu 5.5. Tumia jiwe lako kukwaruza kioo, si kioo kukwaruza jiwe lako, na chagua pembe isiyoonekana. Baada ya kukwaruza, pitisha kidole chenye mate: alama ikifutika, ilikuwa unga wa kitu laini, ikibaki, ni mkwaruzo. Jiwe lililokatwa tayari usilipime ugumu hata kidogo.

Hatua ya 8: Sumaku na siki

Magnetaiti hudaka sumaku mara moja. Ukisomba mchanga mweusi kwenye karai baada ya kuosha dhahabu, sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki itauondoa kwa dakika chache.

Siki huitambua kalsaiti na mawe ya chokaa. Kwaruza kwanza upate unga, kisha dondosha siki juu ya unga na utazame kwa lenzi: povu dogo ni hewa ya kaboni daioksaidi. Magadi nayo hutoa povu, tena kwa nguvu, ila magadi huyeyuka majini na kalsaiti haiyeyuki. Asidi ya betri usiitumie. Inaunguza ngozi na macho, na juu ya kalsaiti hutengeneza ngozi ya jasi inayozuia povu, hivyo inakupa jibu la uongo pamoja na kidonda.

Vipimo vinavyokutana: mifano miwili

Punje ya manjano kwenye karai, mahali kama Geita. Washindani ni watatu: dhahabu, pairaiti na ulanga uliochakaa ukawa wa rangi ya shaba. Zungusha karai. Ulanga huinuka na kuelea kwa vipande bapa vinavyometa na kuzimika kila vikigeuka. Dhahabu hukaa chini kabisa, nyuma ya mchanga mweusi, na huwa na rangi ileile kivulini na juani. Kisha bonyeza punje kwa ncha ya sindano chini ya lenzi. Dhahabu inabonyea na sindano inaacha shimo. Ulanga unapasuka tabaka. Pairaiti inavunjika na kuruka, na ikisagwa inakuwa unga mweusi. Sababu ni muundo: katika metali, atomi zinaweza kuteleza na kushikana upya bila kuachana, lakini katika pairaiti zikisogezwa zinaachana. Usiitupe pairaiti hiyo, hata hivyo. Katika miamba mingi dhahabu hukaa pamoja nayo, ndogo mno kuonekana, na ni maabara itakayosema kama imo.

Jiwe la bluu-zambarau linalouzwa kama tanzanaiti. Madini haya yanachimbwa kibiashara mahali pamoja tu duniani, vilima vya Mererani wilayani Simanjiro, kwa hiyo chanzo cha jiwe ni swali la kwanza. Kisha densiti. 2.5 na jeusi muda wote mbele ya skrini: kioo. 2.6 lakini linaonyesha bluu upande mmoja na karibu halina rangi upande mwingine: huenda ni iolaiti, kito kingine cha bluu. 4.00: yakuti, na ikiwa ni ya asili si hasara hata kidogo. 3.35, linawaka na kuzimika, lina bluu na zambarau kwa pande tofauti: dalili zote ni za tanzanaiti. Kuna bandia moja ya hatari, forsteraiti iliyotengenezwa maabara, yenye densiti ya karibu 3.2 na rangi nzuri sana. Kwenye jiwe lililokatwa, tazama kwa lenzi kupitia juu hadi kingo za nyuma: forsteraiti inaugawa mwanga kwa nguvu na kingo zinaonekana mbilimbili waziwazi, wakati kwenye tanzanaiti ni shida kuuona mgawanyiko huo.

Pale mkono unapofika mwisho

Vipimo hivi vitakuambia jiwe ni madini gani. Havitakuambia kama yakuti imekua ardhini au tanuruni, maana yakuti ya kutengenezwa ina atomi zilezile, mpangilio uleule, densiti ileile. Havitakuambia kama nyufa zimejazwa kioo au kama rangi imepandishwa kwa joto. Hapo jiwe linahitaji darubini, rifraktomita (kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga), na pengine eksirei. Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina maabara Dodoma. Beba jiwe likiwa huru, halijapachikwa kwenye pete, lenye lebo ya mahali lilipotoka, pamoja na nakala ya leseni yako na daftari la vipimo vyako. Omba matokeo yaliyoandikwa, yenye uzito wa jiwe na vipimo vyake kwa milimita, ili cheti kisije kikauzwa na jiwe jingine.